Heshima ya Sataranji Ililipiwa na Kasino

Kuna rai iliyokaa vichwani mwetu, sisi Waswahili wa Oman, muda mrefu mno bila kuulizwa swali. Utaisikia Ibra baada ya swala ya Alasiri, utaisikia Sur, utaisikia Nizwa, kwa watu waliozaliwa Unguja na kwa watoto wao waliozaliwa hapa: sataranji ni mchezo wa akili, bao ni mchezo wa kupoteza wakati. Ushahidi unaoletwa ni ule ule kila mara. Sataranji imechezwa katika kumbi kubwa za miji ya mapumziko ya Ulaya, yenye chemchemi na maji ya tiba, mbele ya mabwana wakubwa na waandishi wa magazeti. Bao limechezwa chini ya mwembe. Kisha rai hiyo huzaa ndoto: siku Jabal Akhdar au Wadi Bani Khalid itakapokuwa na mashindano yake ya kimataifa ya sataranji, katika hoteli yenye mabwawa na masaji, ndipo ulimwengu utakapojua kwamba Dakhiliya na Sharqiya zina watu wenye akili. Bao waachiwe wazee, wakifa nalo life.

Nataka kuivunja rai hii, na sitaki kuivunja kwa kuipunguzia nguvu. Wanaoishika wana mambo ya kweli mikononi. Sataranji ina kumbukumbu: mchezo uliochezwa mwaka 1870 unaweza kuuchezesha tena leo, hatua kwa hatua, bila kukosa hata moja. Ina shirikisho la dunia, FIDE, lililoundwa Paris mwaka 1924, na ina viwango, kwa hiyo kijana wa Sur anaweza kupimwa na kijana wa India ambaye hajawahi kumwona. Bao halina mambo hayo. Kanuni zake hubadilika kutoka kisiwa hadi kisiwa, na hawalis, mchezo wa safu nne za mashimo unaochezwa hapa hapa Oman, si bao la Unguja ingawa ni ndugu yake. Tena wanasema sataranji hunoa akili za watoto shuleni, na mashindano huleta wageni na fedha. Na wanasema, wakiwa wameinamisha sauti kidogo, kwamba baraza la bao ni mahali pa watu wasio na kazi.

Hiyo ndiyo rai kamili. Sasa tuipime.

Kwanza: nani alilipa?

Tuanze na Baden-Baden, kwa kuwa ndiyo inayotajwa kwa fahari zaidi. Mashindano yalianza tarehe 18 Julai 1870. Walikuja wachezaji kumi, miongoni mwao Adolf Anderssen, Wilhelm Steinitz, Joseph Blackburne na Louis Paulsen. Makamu mwenyekiti wa kamati alikuwa Ivan Turgenev, mwandishi wa Kirusi aliyekuwa akiishi katika mji huo. Siku ya pili yake Ufaransa ilitangaza vita dhidi ya Prussia. Adolf Stern alicheza michezo minne tu, akaitwa jeshini, akaondoka. Waliobaki waliendelea hadi tarehe 4 Agosti, Anderssen akashinda, Steinitz akawa wa pili nyuma yake kwa nusu pointi.

Ni kisa kikubwa, sibishi. Lakini kwa nini kilitokea Baden-Baden, kisitokee Leipzig au Breslau, ambako sataranji ilikuwa na mizizi? Kwa sababu Baden-Baden ulikuwa mji unaoishi kwa kamari. Wageni walikuja kuoga asubuhi na kucheza ruleti usiku, na mji ulihitaji cha kuwashughulisha na cha kuandikwa magazetini. Dola mpya ya Ujerumani ilipozifunga nyumba za kamari mwishoni mwa 1872, mashindano makubwa ya sataranji nayo yalitoweka Baden-Baden. Yaliyofuata ya kulingana na yale yalikuja mwaka 1925, Alexander Alekhine aliposhinda. Miaka 55. Maji ya moto yalikuwa yakitoka ardhini kila siku ya miaka hiyo yote, na mabafu yalikuwa wazi. Kilichokuwa kimefungwa ni kasino.

Nenda Monte Carlo. Kila mwaka kuanzia 1901 hadi 1904 palifanyika mashindano ya sataranji yaliyolipiwa na kasino. Mwaka 1903 Mikhail Chigorin, mmoja wa wachezaji wakubwa kabisa wa zama zake, alifika akiwa amealikwa, akakataliwa kucheza. Hakufanya kosa mezani. Rais wa heshima wa mashindano, mwana wa kifalme Dadian wa Mingrelia, alikuwa na kinyongo naye, kwa kuwa Chigorin aliwahi kuukosoa hadharani mchezo wa bwana huyo. Hapo akili ilifika mlangoni na mlango ukafungwa na mtu ambaye sifa yake ilikuwa mali na nasaba. Barazani kwetu fundi wa bao hutukanwa, hutaniwa, huzomewa akikosea; sijasikia hata siku moja fundi akaambiwa asikae kwenye ubao kwa sababu alimkosoa tajiri.

San Sebastián, 1911, pia mji wa mapumziko na pia chini ya kivuli cha kasino. José Raúl Capablanca, kijana wa Cuba wa miaka 22, alipingwa na Ossip Bernstein asiingizwe kwa kuwa hakuwa na ushindi wa kutosha katika mashindano ya namna hiyo. Capablanca alimshinda Bernstein katika raundi ya kwanza, kisha akatwaa zawadi ya kwanza. Wanaosimulia kisa hiki hukisimulia kama ushindi wa kipaji. Mimi nauliza: ni vijana wangapi waliopingwa na hawakuingizwa, tusiwajue majina leo?

Na ukitaka kujua thamani ya hoteli kwa mchezo wenyewe, tazama mwaka 1914. Mashindano ya Mannheim yalikatizwa na vita, na wachezaji waliotoka Urusi wakawekwa kizuizini. Kundi lao, akiwemo Efim Bogoljubov, lilishikiliwa Triberg, mji mdogo wa milima ya Schwarzwald. Wakiwa wafungwa, waliandaa mashindano wao kwa wao, mara baada ya mara, na Bogoljubov alitoka humo akiwa mchezaji wa daraja la juu duniani. Hapakuwa na mwenyeji, zawadi wala wageni wa kutazama.

Pili: mchezo huu ulikuwa wa nani?

Wanaosema sataranji ilipata hadhi yake katika kumbi za Ulaya wamesahau historia iliyo karibu zaidi na Nizwa kuliko na Baden-Baden. Mabingwa wa kwanza wanaojulikana kwa majina na kwa vitabu waliishi chini ya makhalifa wa Baghdad. Al-Adli aliandika kitabu cha sataranji katika karne ya tisa. Abu Bakr as-Suli aliwashinda wapinzani wake mbele ya khalifa al-Muktafi mwanzoni mwa karne ya kumi, na fumbo moja aliloliacha liliwasumbua wachezaji zaidi ya miaka elfu, hata Yuri Averbakh wa Urusi alipochapisha ufumbuzi wake katika karne ya ishirini. As-Suli alifia Basra, mji ule ule ambako Jabir bin Zaid, mtoto wa Firq karibu na Nizwa, alisomesha karne mbili kabla yake. Said bin Jubayr, mwanachuoni wa kizazi cha Jabir, husimuliwa kuwa alicheza sataranji akiwa ameupa ubao kisogo.

Basi sataranji haikuwa ngeni kwa watu wa bahari hii. Iliyo ngeni ni imani kwamba mchezo unakuwa mkubwa siku Mzungu anapoukalia meza. Imani hiyo imeandikwa hata kwenye majalada ya vitabu. H.J.R. Murray, Mwingereza, alitoa mwaka 1913 historia ya sataranji yenye kurasa zipatazo 900. Mwaka 1952 alitoa kitabu cha pili, chembamba zaidi, na jina lake latangaza kuwa ni historia ya michezo ya ubao isiyokuwa sataranji. Michezo yote ya mabara yote, bao ndani yake, ilikusanywa katika kapu la mabaki. Murray alikuwa mtafiti hodari na alifanya kazi aliyoichagua. Ajabu ni sisi, ambao babu zetu walilijua bao kwa mikono yao, kuukubali mgawo huo kana kwamba ulitoka mbinguni.

Tatu: kipimo cha akili

Hapa ndipo rai inapodai mengi na kuthibitisha machache. Inasemwa kwamba sataranji hunoa akili za watoto, na kwamba hilo limethibitishwa. Uingereza walilipima. Taasisi moja kubwa ya utafiti wa elimu nchini humo ilifadhili jaribio katika shule 100 za msingi, baadhi zikifundishwa sataranji na nyingine zisifundishwe, na matokeo yakachapishwa mwaka 2016. Mwaka mmoja baada ya masomo hayo kumalizika, watoto waliofundishwa sataranji hawakuwa wamewazidi wenzao katika hesabu. Mtoto afundishwe sataranji kwa kuwa ni mchezo mzuri. Asifundishwe kwa ahadi ambayo haikutimia ilipopimwa.

Kisha tulitazame bao lenyewe, kwa macho ya anayelicheza. Mashimo 32, kete 64. Kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni, sita kati ya hizo zikiwa nyumbani, na kete 22 mkononi. Anaingiza kete moja moja wakati wa kunamua, na mkono ukiisha unaanza mtaji. Katika sataranji hatua moja humhamisha mmoja, au wawili mfalme anapojificha nyuma ya ngome. Katika bao hatua moja huweza kuzunguka, kula, kuanza tena kwenye kichwa, kuendelea na kula tena, hata safu mbili za mchezaji zikawa hazifanani kabisa na zilivyokuwa alipotia kete mkono. Mchezaji anatakiwa ayaone yote hayo kabla hajagusa, na aone pia ubao utakaobaki mbele ya mwenzake.

Kuna tofauti nyingine ambayo wanaolidharau bao hawajaifikiria. Sataranji hupungua. Vipande vinaliwa na kuondolewa, na kadiri mchezo unavyoendelea ubao unakuwa mweupe na hesabu inakuwa nyepesi, ndiyo maana vitabu vya mwisho wa mchezo vimeweza kuandikwa na mashine zimeweza kuumaliza kabisa mchezo wa vipande vichache. Katika bao hakuna kete inayotoka. Kinachotekwa kinapandwa upande wa aliyekiteka, na mikono ikishaisha kete zote 64 zimo ubaoni hadi dakika ya mwisho. Uzito wa hesabu haupungui. Alex de Voogt, Mholanzi, alikaa na mafundi wa Zanzibar akaandika tasnifu nzima ya udaktari, iliyotoka Leiden mwaka 1995, juu ya umahiri wao na mipaka ya akili ya binadamu katika mchezo huu. Alichokuja kukitafuta kwa mbali, sisi tulikuwa tunakipita kila jioni tukienda sokoni.

Nne: uvivu na haramu

Sina cheo cha kutoa fatwa na sitoi. Naonyesha mgongano tu. Watu wanaoliita bao upuuzi wa wavivu, wakitaka kulifukuza kwenye sabla, kumbi za mikutano, za Ibra na al-Mudhairib kwa jina la dini na adabu, ndio hao hao wanaotaka tuige mashindano ya miji iliyoishi kwa ruleti. Bao la mabarazani halina dau. Anayefungwa huinuka na mwingine hukaa, basi. Ikiwa kamari ndiyo inayotutisha, inatutisha vipi kwenye mwembe usio na senti moja, isitutishe Monte Carlo?

Jirani zetu wametuonyesha jinsi msimamo huo unavyoyumba. Januari 2016 maneno ya aliyekuwa Mufti Mkuu wa Saudia, kwamba sataranji imekatazwa kwa kuwa hupoteza wakati na mali na huzaa uadui, yalienea duniani kote. Desemba 2017 Riyadh ikaandaa mashindano ya dunia ya sataranji ya kasi, yenye zawadi za jumla ya dola milioni 2. Hakuna aliyesimama kueleza lini upotezaji wa wakati uligeuka kuwa fahari ya taifa. Jibu liko kwenye bahasha: mchezo ule ule ukichezwa na watu wasio na kitu ni uvivu, ukiletwa na wenye fedha ni utamaduni. Baraza la bao limehukumiwa kwa kipimo hicho miaka yote, na wanaolihukumu hawajawahi kukikiri.

Tano: wageni na fedha

Hili litachukua maneno machache. Mashindano yale ya Riyadh yalitarajiwa kurudi mwaka uliofuata. Mwaka 2018 yakafanyika St Petersburg. Mwaka ule wa 2017 wachezaji wa Israel walinyimwa viza, na Anna Muzychuk wa Ukraine alikataa kwenda, akaacha mataji yake mawili ya dunia yapotee kuliko kucheza chini ya masharti aliyoyaona yanamdhalilisha kama mwanamke. Hayo ndiyo yaliyoandikwa na dunia. Anayetaka mashindano ya hotelini ili ajulikane, ajue hachagui atajulikana kwa lipi.

Karlsbad huletwa kama mfano wa kinyume, kwa kuwa mji ule wa maji ya tiba uliandaa mashindano makubwa mara nne, 1907, 1911, 1923 na 1929. Mfano huo unanisaidia mimi. Mara zote nne mwandaaji alikuwa mwenyeji, Viktor Tietz, mtu wa sataranji wa mji huo aliyejua anachokitaka, na baada yake mashindano ya cheo kile hayakuendelea. Maji hayakukauka. Ukiwa na Tietz utapata mashindano hata kwenye darasa la shule. Ukikosa Tietz, hoteli ya Jabal Akhdar, iliyo kwenye mwinuko wa mita 2,000 na bustani zake za mawaridi, itakodishwa kwa wiki moja, itapigwa picha, na Jumatatu itafuata semina ya mauzo.

Gharama isiyotajwa

Mtu aliyekuwa na miaka 20 Unguja ilipopinduliwa mwaka 1964 sasa amepita 80. Waliojifunza bao kwenye mabaraza ya Malindi, Ng'ambo na Wete kabla ya hapo, kisha wakaja kukaa Sharqiya na Dakhiliya, wanaondoka mmoja mmoja, na michezo yao inaondoka nao. Hakuna hata mmoja aliyekaa nao na kalamu. Hakuna aliyewaweka ubao mmoja na mafundi wa hawalis wa hapa tukaona ndugu hawa wawili wanafanana wapi na wanatengana wapi. Watu wa Sur walipojua kwamba Fatah al-Khair, jahazi lililoundwa mjini kwao mwaka 1951, liko Yemen, walichanga wakalirudisha mwaka 1993, na leo limesimama ufukweni. Walielewa kwamba ubao wa mti waweza kubeba kumbukumbu ya mji. Ubao wa bao ni mdogo kuliko jahazi na haukuhitaji mchango wa mtu, nao umeachwa.

Na watetezi wa bao, nikiwamo, tumebeba sehemu ya lawama. Tumeliacha liwe la wanaume. Wanaosifu miji ya mapumziko hawana pa kujisifia hapa: Karlsbad 1929 waliingia wachezaji 22 na mwanamke alikuwa mmoja, Vera Menchik. Albert Becker alimfanyia mzaha hadharani, kwamba atakayefungwa naye atakuwa mwanachama wa klabu ya Menchik. Menchik alimaliza wa mwisho, lakini Becker mwenyewe alikuwa mmoja wa waliofungwa. Sisi hatukumfanyia mzaha mwanamke yeyote kwenye ubao kwa sababu hatukumkaribisha. Na hili katika Ibra, mji wenye soko la wanawake la Jumatano ambamo wanaume hawaingii! Wanawake wanaohesabu fedha, vitambaa na deni za wiki nzima kichwani wameambiwa na nani kwamba hesabu ya kete si yao?

Limebaki lile jambo moja la kweli nililolikubali mwanzoni: sataranji imeandikwa na bao halikuandikwa. Wanaolileta hulileta kama hukumu juu ya bao, kana kwamba mchezo wenyewe unakataa kalamu. Haukatai. De Voogt aliiandika michezo ya mafundi wa Zanzibar, hatua kwa hatua, na mtu anaweza kuifuata leo akiwa na ubao mbele yake. Safu ipewe herufi, shimo lipewe namba, upande wa kuzunguka uwekewe alama, na uandikwe uamuzi wa mchezaji kuhusu nyumba yake, ailime au aiache. Anayejua kuhesabu hadi nane anaweza kuandika mchezo wa kwanza wa Ibra Alasiri ya leo, na akiwa na simu mfukoni anaweza kumrekodi mzee akieleza kwa nini alikula kushoto badala ya kulia. Hilo halihitaji mfadhili, wala chumba cha hoteli.